Kibodi yangu ya zamani imechoka: ninunue ipi?

SWALI: Mhariri, kazi yangu ni kutafsiri, na kwa miaka mingi nimetumia kibodi ya IBM Model M. Sasa baadhi ya vitufe haviitiki mpaka nivibonyeze kwa nguvu. Kibodi ninazoziona madukani ni nyepesi na hazidumu. Ninunue ipi? Msomaji, Tanga

JIBU: Kabla ya kununua, igeuze na uitikise taratibu, ukisikia vipande vidogo vikichezacheza ndani, basi ribiti za plastiki zinazoshikilia bamba la chuma zimekatika, na huo ndio ugonjwa mkubwa wa Model M. Fundi mwenye subira anaweza kuweka skrubu ndogo na nati mahali pake. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu springi zenyewe, ambazo hupinda ghafla kila kitufe kinapobonyezwa na kutoa ule mlio wake, mara nyingi huwa bado ni nzima.

Ikishindikana, mrithi wake wa kweli ni kibodi za Unicomp ya Lexington, Kentucky, kampuni ambayo tangu 1996 imeendelea kuunda kibodi za springi za aina hiyo hiyo, siku hizi zikiwa na waya wa USB. Gharama ya kuisafirisha kutoka Marekani si ndogo. Ikikulemea, tafuta yenye swichi za Cherry MX, yaani vifaa vidogo vinavyokaa kimoja kimoja chini ya kila kitufe, zilizokadiriwa kuhimili mibonyezo isiyopungua milioni 50, na uchague ile ambayo swichi zake huchomoka bila kulehemu, ili ikiharibika moja usilazimike kuitupa kibodi nzima.