Mjomba Fundi Pampu na Maombi ya Chuo Kikuu

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha sita hapa Arua, Uganda, nasoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Nataka kuomba nafasi ya kusomea uhandisi wa ujenzi Uingereza, nao wanadai maelezo binafsi, yaani maandishi mafupi ya mwombaji kujieleza. Nimeandika kwamba tangu utotoni nina ndoto ya kuwa mhandisi na kwamba mimi ni mchapakazi, lakini dada yangu anasema maneno hayo yeyote angeweza kuyaandika. Sina tuzo yoyote. Wakati wa likizo humfuata mjomba wangu anayetengeneza pampu za visima vijijini, ila hilo nimeona halistahili kutajwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dada yako amesema kweli, na jambo uliloliona halistahili ndilo ningelisoma kwanza kama ningekuwa mimi ninayechagua wanafunzi. Si kosa lako kutolijua hilo, kwa kuwa vyuo vyetu vya serikali, Makerere kikiwemo, kwa kawaida huwapanga waombaji kwa alama za mtihani, kwa hiyo shuleni hatuwafundishi uandishi wa namna hii.

Pampu ya mkono ya aina ya U2, iliyoenea nchini mwetu, hupandisha maji kwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, na mahali ambapo maji ya ardhini yana tindikali, zinki hiyo huliwa, chuma hushika kutu, na maji hutoka mekundu yenye ladha mbaya, hata akina mama wakarudi mtoni na jerikeni zao ilhali kisima kipo. Je, umewahi kulishika bomba la namna hiyo mjomba alipolichomoa? Lilikuwa limetoboka wapi? Kama uliliona kwa macho yako, lieleze kwa sentensi mbili au tatu, kisha useme somo lipi la Kemia lilikufumbua macho na swali gani bado linakusumbua, kwa mfano kwa nini bomba la aina ile lilichaguliwa kwa ardhi ile. Kama hukuliona, usilibuni, andika ulichokiona.

Upande wa utaratibu, maombi ya Uingereza hupitia UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu vya huko, na kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka kozi hiyo, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kujiandaa. Kila jibu lisipungue herufi 350, na yote kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Habari ya mjomba ina mahali pake katika swali la tatu, ingawa mimi ningeigusa hata katika la kwanza, maana ndiyo sababu yako halisi. Usitaje jina la chuo chochote, kwani maelezo yaleyale huenda kwa vyuo vyote utakavyochagua, ambavyo vinaweza kufika vitano. Wala usinakili ya mwenzako, kwa sababu UCAS hulinganisha maandishi ya waombaji.

Ukimaliza, mfasirie mjomba wako sehemu ya pampu, na akikukatiza ili akurekebishe, rekebisha kabla hujatuma.