Maswali na Majibu: Sprinkla za Kukinga Nyumba na Moto wa Pori

*Mimi ni askari wa zimamoto, Tabora mjini. Nataka kuanza biashara ya kufunga sprinkla za kukinga nyumba na moto wa pori. Nianze na vifaa gani?*

Anza na fyekeo. Mara nyingi nyumba hushika moto kabla ndimi hazijaifikia. Cheche hutangulia na upepo, zikatua kwenye majani makavu ya mfereji wa bati, kwenye kuni zilizoegeshwa ukutani, au zikapenya tundu la dari lisilo na wavu. Mteja akikataa kufyeka mita 10 kuzunguka nyumba, usimfungie. Ikiungua, atalaumiwa fundi.

Kisha nunua pampu ya petroli, bomba la poli na sprinkla za shaba, maana za plastiki huyeyuka. Bomba lifukie sentimeta 30. Linalopanda ukutani liwe la chuma. Weka chujio kabla ya sprinkla za kwanza. Maji ya lambo yana mchanga, unaziba matundu, na mwenye nyumba huja kugundua siku ya moto.

Na hili hukuuliza: usikague nyumba asubuhi na sare, jioni ukarudi na ankara. Pata kibali cha mwajiri kwanza, ndipo ufuate TIN na leseni ya halmashauri.

*Simtanki langu la lita 1,000 liko juu ya mnara wa mita 3. Linatosha? (Urambo)*

Halitoshi kwa presha wala kwa wingi. Kimo cha mita 10 hutoa takriban baa 1, kwa hiyo mnara wako unatoa baa 0.3, wakati sprinkla nyingi za kuzunguka zinataka baa 2 hadi 3. Maji yatadondoka tu. Halafu piga hesabu: sprinkla 6, kila moja lita 12 kwa dakika, ni lita 72. Tanki lako linakauka kwa dakika 14. La lita 5,000 linafika dakika 69 hivi. Anayekuuzia sprinkla bila kukupigia hesabu hiyo anakuuzia mapambo ya bati.

*Je, naweza kutumia pampu ya umeme?*

Jamani, tena? Hapana. Nguzo za miti huungua, umeme unakatika.

*Pampu yangu ya petroli iligoma kuwaka kiangazi kilichopita. (Sikonge)*

Petroli iliyolala miezi inaacha utando kwenye kabureta. Imwage msimu ukiisha, na kuanzia Mei washa pampu kila mwezi hadi sprinkla ya mwisho irushe maji. Ikiwaka lakini haivuti, tazama futivalvu, ile valvu ya mwisho wa bomba lililo majini: ikivuja, maji yanarudi kisimani na pampu inanyonya hewa.

*Niwashe sprinkla lini?*

Moshi ukielekea kwako, siyo ukiona ndimi. Paa na kuta zinataka kulowana nusu saa kabla. Funga madirisha, piga 114, ondoka. Usibaki kulinda pampu.

*Bani langu la kukaushia tumbaku limeezekwa nyasi. Sprinkla ngapi?*

Ezeka bati kwanza. Maji huteleza juu ya nyasi, ndani zikabaki kavu.