Mtoeni nje, kisha nyamazeni

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza: "Mtoto akichachamaa, wewe humtuliza kwa njia gani?" Kwa wazazi ninaokutana nao getini, majibu huwa ni simu, pipi au fimbo. Mimi nafundisha darasa la awali hapa Dar es Salaam, watoto wa miaka 5, na jibu langu ni kwamba namtoa nje. Hilo limekwisha kwa sentensi moja. Kinachohitaji maelezo ni namna ya kumtoa, kwa sababu nje hiyohiyo inaweza kumtuliza mtoto au kumzidishia.

Mtoto anapopandwa na hasira au hofu, mwili wake humwaga homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza kana kwamba anakimbizwa. Sisi wakubwa hapo ndipo tunapomwambia "kaa chini, tulia", tena sebuleni, katikati ya makochi, meza ya kioo na televisheni inayopiga kelele. Nguvu yote ile aipeleke wapi? Anarusha kikombe. Uwanjani ana pa kuipeleka: atasukuma tairi, atabeba ndoo, atakimbia hadi kwenye ukuta na kurudi. Misuli ikishafanya kazi, pumzi hurefuka zenyewe, na ile pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo. Huwezi kumfundisha mtoto anayelia apumue polepole. Lakini mpe kopo limejaa maji, mwambie avuke nalo uwanja bila kumwaga, utaona anavyopumua.

Kuna mtoto mmoja niliyempokea darasani ambaye kila asubuhi mama yake akiondoka alikuwa anapindua viti. Hakupenda kushikwa wala kubembelezwa. Nilimkabidhi mchicha tuliouotesha kwenye viroba nyuma ya jiko, amwagilie kabla wenzake hawajafika. Alikuwa anamwaga maji mengi kuliko mchicha unavyohitaji, nami sikumsahihisha. Viti vilipona. Siku nyingine bado alilia, nisiwadanganye, ila alilia akiwa amechuchumaa pale kwenye viroba, na kilio kikaisha bila mtu kuumia.

Sasa nije kwenye lile linalonikera. Mkubwa akimtoa mtoto nje hawezi kunyamaza. "Huu ni mti gani? Una rangi gani? Hesabu maua. Usiguse! Utachafuka! Njoo upige picha." Mtoto aliyetoka ndani kwa sababu kichwa kimemjaa anakutana na mtihani chini ya mwembe. Mimi nikitoka naye nakaa jirani, naangalia ninachoangalia, na mdomo nauziba. Akiniuliza, namjibu. Asiponiuliza, hana deni kwangu. Simu naiacha ndani, maana watoto wanajua kabisa mtu aliyekaa nao na mtu aliyekaa na simu karibu yao.

Na mikono iwe na kazi. Mtoto hatulizwi na mandhari kama mtalii; anatulizwa na kitu kidogo kilicho mbele ya pua yake. Kwenye mchanga mkavu chini ya ukingo wa bati, pale mvua isipofika, utakuta vishimo vya mfano wa faneli. Ndani yake kuna kidudu kinachojifukia na kungoja sisimizi aporomoke. Kila mtaa una jina lake na wimbo wake wa kukiita. Nimeona watoto wasioweza kumaliza hadithi ya kurasa nne wakilala kifudifudi mbele ya kishimo kimoja kama wavuvi wanaongoja samaki. Au mdako. Chimba kishimo, weka kokoto, rusha moja juu, kabla haijarudi mkononi uwe umezikokota za shimoni, kisha uzirudishe na kubakiza moja. Mchezo huo hauchezeki ukiwa na hasira, mkono unakosea. Bibi zetu walitucheka tukikosea na tukaanza upya. Siku hizi nakutana na mabinti wa darasa la saba wasioujua, na naona ni hasara kubwa kuliko wanavyoidhani wazazi wao.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Andrea Faber Taylor na Frances Kuo, walichapisha utafiti wa watoto 17 wenye tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia, wa miaka 7 hadi 12. Kila mtoto alitembezwa dakika 20 katika bustani yenye miti, siku nyingine katikati ya mji, siku nyingine katika mitaa ya makazi. Baada ya bustani walizingatia vizuri zaidi kuliko baada ya matembezi yale mengine mawili. Watoto 17 ni wachache, na kilichopimwa ni kuzingatia, si hasira. Hata hivyo kinanifurahisha kitu kimoja: wote walitembea, na muda ulikuwa uleule. Mazingira ndiyo yaliyotofautiana.

Hapo msomaji wa Dar atasema, bustani iko wapi? Tuna Coco Beach, tuna msitu wa Pugu kule Kisarawe, na nauli ya familia nzima si mchezo. Nitasema kitu kitakachowaudhi baadhi yenu: Coco Beach ya Jumapili jioni haimtulizi mtoto. Spika tatu zinashindana, mihogo inakaangwa, watu wamebanana, na mtoto anarudi nyumbani amechemka kuliko alivyotoka. Ni starehe, na mimi pia naipenda, lakini ni kitu kingine. Mwarobaini mmoja wa nyuma ya nyumba, unaofikiwa kila siku kwa miguu, una kazi kubwa kuliko bahari ya mara moja kwa mwezi.

Kila siku, ndiyo. Wengi wanangoja mtoto achachamae ndipo wakumbuke kuna nje. Wanafunzi wangu wengine wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri, wanapakiwa kwenye gari la shule, wanakaa kwenye foleni, wanafika wamenyong'onyea na shati limekunjamana. Kuwaingiza darasani moja kwa moja ni kuwasha moto. Kwa hiyo siku yetu inaanzia uwanjani, kabla ya kuita majina na kabla ya uji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, angalau 60 kati yake ziwe za kutoka jasho, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1. Wanafunzi wangu wameupita umri huo juzijuzi tu. Wadogo zao walioachwa nyumbani na dada wa kazi ndio wanaotimiza hesabu hiyo kinyumenyume.

Jambo lingine ni sauti ya kutolea nje. "Toka nje huko!" ni kufukuzwa, na mtoto aliyefukuzwa atakaa mlangoni akigonga. Mshike mkono, toka naye. Wala nje isiwe zawadi ya waliokuwa wazuri, maana anayeihitaji zaidi ndiye ataikosa.

Kuhusu jua, mnajua wenyewe. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa sitoki nao isipokuwa kivulini, na maji ya kunywa yawepo. Jioni giza likianza kuingia, warudi ndani. Mbu wa malaria huanza kazi muda huo. Bodaboda na mitaro iliyo wazi ni hatari halisi, sitamcheka mama anayefunga geti. Ila ndani ya geti hilohilo, baba ameshamwaga peving hadi kwenye mzizi wa mwisho ili gari lisikanyage tope. Peving ya mchana inaunguza nyayo na haichimbiki. Acheni hata kipande cha kutosha mkeka mmoja kibaki mchanga. Kwenye shule yetu tulikiomba kipande hicho kando ya tangi la maji, tukapewa baada ya maneno mengi.

Wapo watoto ambao nje haiwafai kwa namna hii. Baadhi ya wenye usonji hukerwa na upepo, mchanga miguuni au honi za barabarani. Mmoja niliyemfundisha alitulia zaidi chini ya meza yenye kitambaa, na nilimwachia meza yake. Na mtoto aliyebadilika ghafla, akaanza tena kukojoa kitandani, kushtuka usiku au kumwogopa mtu fulani, huyo hahitaji mwembe. Anahitaji mkubwa wa kumsikiliza, na pengine kituo cha afya au ofisi ya ustawi wa jamii.

Masika yakianza tunahamia barazani. Tunakaa kwa mstari, tunakinga maji ya mchirizi kwa mikono na vikopo, na bati likipigwa na mvua hakuna anayeweza kuongea, nikiwemo mimi. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba sare zinarudi zimelowa. Nimewaomba walete nguo ya pili kwenye mfuko wa nailoni, na wengi wameanza kuleta.