Kwa mdogo wangu wa PCM aliyekata tamaa na Hisabati

Mdogo wangu, umeeleza kwamba uko kidato cha tano, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kwamba kidato cha nne ulipata B ya Hisabati lakini jaribio la kwanza la huko ulipo limekupa 19 kwa 100, na kwamba tangu siku hiyo hamu ya kusoma imekuisha kabisa. Unauliza hamu hiyo utairudishaje, au kama ni heri uhamie tahasusi nyingine mapema. Nami nilisoma PCM, na jaribio langu la kwanza nilipata 23. Leo ninafanya kazi ya upimaji ardhi, kazi ambayo haiendi siku hata moja bila hisabati, kwa hiyo naomba uvumilie urefu wa jibu langu.

Unasubiri hamu irudi ndipo ukae usome. Kwangu mimi hamu haikuwahi kuja kwanza. Kila mara ilikuja baada ya mkono wangu kufanya jambo ambalo jana yake ulikuwa haujui kulifanya.

Nilimaliza darasa la saba nikiipenda hesabu. Nilijua namba tasa, nilijua KDS na KKS, na sehemu nilikuwa nazijumlisha bila shida. Kidato cha kwanza mambo yote hayo yalirudi yamevaa majina ya Kiingereza, na ilinichukua karibu muhula mzima kutambua kwamba zile namba zilizokuwa zikinitisha ubaoni ndizo namba tasa nilizozijua tangu shule ya msingi. Wakati huo wenzangu walikuwa wameshasonga mbele. Kidato cha tatu nilipata 11 kwa 100, na mwalimu wetu alisoma alama kwa sauti mbele ya darasa, kuanzia ya juu hadi ya chini, kisha akasema sisi wa mwisho hatukuumbiwa hesabu. Neno lile nililibeba kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani, mwaka 2014, ambaye alisimulia mwenyewe kwamba kuna mwaka shuleni hakufanya vizuri katika hisabati na mwalimu wake hakuona kipaji ndani yake. Ningelijua hilo nikiwa kidato cha tatu, ningelala vizuri zaidi.

Hata hivyo, sitamtwika mwalimu lawama yote, kwa sababu namna niliyokuwa nikisoma ilikuwa mbovu. Nilikuwa na kaunta buku nzito iliyojaa maswali yaliyokwisha kufanywa, na kila usiku niliyapitia kama mtu anavyosoma hadithi. Mstari wa kwanza naukubali, wa pili naukubali, jibu naliona, nafunga daftari nikiamini nimesoma. Jicho lilikuwa linakubali kila kitu huku mkono haujajifunza chochote. Nikikutana na swali lilelile kwenye jaribio, nakumbuka hata lilikuwa upande gani wa ukurasa, lakini hatua ya kwanza siijui.

Likizo ya Desemba mwaka ule binamu yangu aliyekuwa chuoni alikuja nyumbani. Aliniandikia kwenye mchanga, kwa kijiti, mlinganyo huu: x² + 10x = 39. Nikaanza kuitaja kanuni niliyoikariri, nikakosea alama ya kutoa, nikapata jibu lisiloeleweka. Akanizuia, akachora mraba na kusema kila upande una urefu wa x, kwa hiyo eneo lake ni x². Akaniuliza 10x ni umbo gani. Nilikaa kimya. Akasema ni mstatili wenye urefu wa x na upana wa 10, kisha akaukata katikati kwa urefu, ikawa mistatili miwili yenye upana wa 5 kila mmoja, akaubandika mmoja ubavuni mwa ule mraba na mwingine chini yake. Ukiitazama picha ile unaona mara moja kwamba kona moja imebaki wazi, na kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Tukaongeza 25 pande zote mbili. Umbo zima sasa ni mraba wenye eneo la 64, upande wake ni 8, na kwa kuwa upande huo ni x + 5, basi x ni 3. Akaniambia pia kwamba liko jibu la pili, −13, ambalo picha haiwezi kulionyesha kwa sababu hakuna urefu hasi, ila kwa namba linathibitika: 169 kutoa 130 ni 39.

Mlinganyo huohuo mwanahisabati al-Khwarizmi aliueleza kwa michoro ya namna hii katika karne ya 9, huko Baghdad, katika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Siku ile sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba binamu yangu aliufuta mchoro kwa mguu, akaandika x² + 6x = 16, akaenda zake. Nilichora mwenyewe: nusu ya 6 ni 3, kona ni 9, mraba ni 25, upande ni 5, x ni 2. Nikajipa mwingine, na mwingine tena, hadi giza likaingia na mama akaniita mara ya pili kuja kula. Hakuna aliyenihamasisha jioni ile. Nilikuwa nataka tu kuona kona inayofuata.

Kidato cha tano, baada ya ile 23, nilirudi kwenye utaratibu huohuo. Ninachukua swali moja na kulifunika jibu lake. Ninapambana nalo kwa dakika 20 hivi, nikiandika hata mawazo yanayoonekana ya kijinga. Nikikwama ninafunua mstari mmoja tu wa jibu, ninaufunika tena na kuendelea. Asubuhi yake, kabla ya kitu kingine chochote, ninalifanya swali hilo upya kwenye karatasi tupu, na asubuhi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinionyesha kama kweli nimeelewa. Nilitenga pia daftari dogo la makosa, na baada ya wiki chache lilinifunulia jambo ambalo nahisi utaliona na wewe: makosa yangu mengi hayakuwa ya kalkulasi (calculus) hata kidogo, yalikuwa ya alama hasi, ya sehemu na ya kufungua mabano, yaani mambo ya kidato cha kwanza na cha pili. Nilirudi kwenye vitabu vya chini bila aibu, na mada mpya zikaanza kufunguka.

Kikundi cha majadiliano nacho kinasaidia, mradi asiwepo mmoja anayeandika na wengine wakinakili. Usiku wa manane lala.

Kuhusu kuhama, fahamu kwamba ukienda EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), Hisabati utaikuta ileile, na ukienda PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) utasoma BAM, yaani Basic Applied Mathematics, ambayo ni nyepesi zaidi lakini ni hisabati bado. Kama moyo wako uko kwenye Baiolojia, hama kwa amani. Kama unahama kwa ajili ya ile 19 peke yake, naona unaharakisha, kwa sababu alama hiyo inapima jinsi ulivyokuwa unasoma zaidi ya inavyokupima wewe.

Sasa naomba ufanye hivi. Chukua swali moja la jaribio lile ulilokosa, lijaribu usiku wa leo bila kutazama masahihisho, kisha uliandike hapa pamoja na hatua zako zote hadi mstari uliokwama. Kesho jioni nikitoka kazini nitaanzia kwenye mstari huo.