Kwa wanaoanza kutafuta babesia: sampuli kwanza, mashine baadaye

Babesia ni vimelea vya seli nyekundu za damu vinavyoenezwa na kupe. Wengi mkifika maabara kuvitafuta mnaikimbilia PCR, mashine ya kusaka vinasaba. Nawaomba mwanzoni mkae kwanza kwenye hadubini.

Ng'ombe akikojoa mkojo mwekundu, chukua damu ya ncha ya sikio au ya mkia kabla hujagusa mshipa wa shingo. Seli zenye Babesia bovis hunasa kwenye mishipa midogo, kwa hiyo damu ya shingoni inaweza kuonekana safi huku mnyama anakufa. Babesia bigemina ni rahisi zaidi kuiona: vimelea viwili vikubwa, umbo la tone, vimeshikana ncha. Slaidi ikauke kabisa, ipite kwenye methanoli, ndipo upake rangi ya Giemsa kwa maji ya pH 7.2.

Kwa binadamu kuna mtego mkubwa. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa mfugaji wa karibu na Zagreb (leo Kroatia), mwaka 1957, aliyekwisha kuondolewa wengu. Mwaka 1969, kisiwani Nantucket nchini Marekani, akapatikana mgonjwa ambaye wengu wake ulikuwa mzima. Huku kwetu, kimelea chenye umbo la pete ndani ya seli nyekundu tunakiita malaria bila kufikiri mara mbili. Utafundishwa kwamba babesia haiachi chembe za kahawia kama zile za malaria. Ni kweli, lakini pete changa za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, nazo hazina, kwa hiyo usiamue kwa hilo peke yake. Tafuta vimelea vinne vilivyopangika msalaba. Ni nadra, ila ukiviona una hoja. Usipoviona, uliza kama mgonjwa ana wengu, kama aliongezewa damu na alisafiri wapi, kisha peleka PCR.

Kuhusu kupe, hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Kupe aliyeng'olewa kwenye ng'ombe ana damu ya ng'ombe huyo tumboni, na vinasaba vya babesia unavyovikuta vinaweza kuwa vya damu hiyo tu. Andika "vinasaba vimeonekana", usiandike "kupe huyu anaambukiza". Ushahidi wenye nguvu zaidi ni viluwiluwi vilivyoanguliwa maabara na havijanyonya bado, kwa sababu babesia hizi za ng'ombe hupita kutoka kwa kupe jike hadi kwenye mayai.

Na tafadhali, kupe wote washike kwa kibanio, ukiwa umevaa glavu, uwatie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Usimpasue hata mmoja kwa kucha: kupe wa jamii ya Hyalomma hubeba virusi vya homa ya Kongo-Krimea, na majimaji yao yanatosha kukuambukiza.