Mzee anainuka kwa kushika ukuta: apumzishwe?

Dada, unauliza kama baba yako, mvuvi hapo Tanga, miaka 68, aachishwe kazi zote kwa kuwa siku hizi anainuka mkekani kwa kushika ukuta. Msimkalishe! Misuli huanza kupungua tangu miaka ya 30, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nguvu za ghafla, zile za kurukia ngalawa, ndizo hutangulia kuondoka. Kukaa bure huzidisha. Aketi kwenye kiti kigumu, ainuke bila kushika kitu, mara 8 hadi 10, apumzike, arudie. Kutembea ufukweni Raskazone, hapo hapo Tanga, jioni ni kuzuri, ila hakutoshi. Ale samaki, maharage, vya kujenga misuli (si chai na mkate tu, wazee wetu hao!). Udhaifu ukija ghafla, hasa upande mmoja, mkimbizeni hospitali.