Mtoto asiyesikia maumivu: jibu kwa dada aliyeuliza

Dada, nimesoma kwamba mwanao wa mwaka mmoja kashika jiko la mkaa, kiganja kikababuka, wala hakulia. Na kwamba ulimi kaung'ata mpaka umechanika. Nina binti mwenye hali hiyo, sasa yuko darasa la tatu. Si uchawi. Na wewe mkuu uliyesema ni bahati, atafaa ukomando: mwaka 2006 watafiti waliochunguza familia za kaskazini mwa Pakistan walieleza kisa cha mvulana aliyetafuta riziki mtaani kwa kujichoma visu mikononi na kukanyaga makaa. Alikufa akiwa na umri wa karibu miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Bahati gani hiyo?

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Baba na mama kila mmoja hubeba nakala moja mbovu ya jeni (chembe ya urithi) bila dalili yoyote, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo mawifi wakianza kukunyooshea kidole, waambie imetoka pande zote mbili. (Mimi na mke wangu ni mabinamu, ndoa ya kawaida kwetu pwani, nayo huongeza uwezekano huo.)

Swali la kwanza nikuulize: anatoka jasho? Wenye hitilafu kwenye jeni ya SCN9A hutoka jasho vizuri, ila hawanusi harufu. Wenye hitilafu kwenye jeni nyingine, NTRK1, kama binti yangu, jasho hawalijui, na hilo linaweza kuua haraka kuliko kidonda chochote. Januari hapa Dar wenzake mashati yamelowa chapa, yeye paji la uso kavu kabisa na mwili unawaka. Namvalisha fulana iliyoloweshwa maji, anakaa kivulini, na kipimajoto hakikosi nyumbani. Homa ikipanda, sisubiri kupambazuke.

Hospitali ya kwanza walihisi ukoma, wakapima, hakuna kitu. Lakini aliyetusaidia kuliko madaktari wote ni muuguzi mstaafu aliyehudumia wagonjwa wa ukoma. Alituambia ganzi ni ganzi, haijalishi imetoka wapi, akatufundisha wanachofundishwa wao: macho, mikono, miguu, kila siku. Basi jioni binti analala mkekani, namulika tochi. Jicho jekundu? Huenda kajikwaruza uso wa jicho bila kujua. Kisha vidole, viganja, nyayo. Vifundo vya miguu navishika vyote viwili kwa pamoja. Kimoja kikiwa na joto kuliko mwenzake, au kimevimba, tunakwenda eksirei hata kama anarukaruka. Ndivyo tulivyougundua mfupa wa muundi uliovunjika, naye alikuwa akikimbia nao. Viatu nakung'uta, halafu naingiza mkono ndani kabisa. Siku moja nilitoa msumari. Maji ya kuoga napima kwa kiwiko changu, cha kwake hakina msaada. Ila ukimtekenya anacheka sana, maana mguso anausikia. Hapo ndipo watu wanapokuona mwongo.

Kwa umri wa mwanao balaa ni meno. Daktari wa meno anaweza kusaga ncha zake au kutengeneza kinga ya kuvalisha. Wapo watakaokuambia yang'olewe yote. Usikubali kabla ya kujaribu hayo.

Tena omba barua ya daktari inayoeleza ugonjwa, utembee nayo. Sisi tuliitwa ustawi wa jamii tukidaiwa kumpiga mtoto, kwa sababu ya makovu. Na siku akihitaji upasuaji, daktari wa usingizi aambiwe mapema, asije akadhani dawa ya usingizi haihitajiki.

Kipimo cha jeni ni ghali, na matunzo hayakisubiri. Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Ulizia ofisi yake hospitali ya wilaya, mwambie unataka kufundishwa kumtunza mtu mwenye ganzi, na umpeleke mtoto ili mratibu huyo akione kile kiganja.